Chakula Kisicho na Kijiwe Hata Kimoja

Ukitaja jina la Emilia kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, hata leo hukosi dalali wa kukuambia, "Yule mama? Gunia lake unatia mkono mpaka chini, hukuti kijiwe." Kazi yake ilikuwa kuchekecha. Mahindi yanashushwa na mchanga wake, vipande vya magunzi na vijiti, yeye anakaa na chekeche na ungo mpaka yanang'aa. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe Lameck mpaka akapata ukarani mjini Dodoma, na ndiyo iliyompa Emilia jeuri. Maana jeuri alikuwa nayo, tusifichane. Akila wali wa mtu akatafuna kijiwe, alikuwa anakitema kiganjani, anakitazama, kisha anamtazama mpishi.

Alipofiwa na mumewe, Lameck alimleta kwake Ipagala, hukohuko Dodoma. Akamwambia, "Mama, umechoka. Sasa pumzika." Alisema kwa upendo mtupu, lakini neno lile mama yake hakulipenda hata kidogo. Alikaa kibarazani akitazama bodaboda zikipita, akaletewa chai, akaletewa chakula, akaambiwa aache vyombo vitaoshwa. Siku moja akaingia chumbani akalia peke yake. Alipotoka akasema anataka kuku wa mayai.

Lameck hakukataa. Alijenga banda nyuma ya nyumba, akanunua mitetea iliyokaribia kutaga. "Lakini wakianza kukusumbua tu, mama, nawauza wote. Utapumzika."

Basi Emilia akarudi kuwa mtu. Alfajiri yuko bandani, jioni yuko bandani, maji safi, maranda makavu. Chakula kilitoka kwa Mwanahawa, mama mmoja wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye duka la chakula cha mifugo mtaa uleule. Mwanahawa alikuwa anachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, chokaa ya mifugo na vinginevyo anavyovijua yeye.

Mfuko wa kwanza ulipofunguliwa, Emilia akatia mkono kama alivyozoea. Vidole vikakuta vitu vigumu. Akaguna.

"Mchanga! Mtu mzima anauza chakula chenye mchanga!"

Hakwenda kugomba. Kwake yeye, kugombana na wauzaji ni kazi ya watu wasio na chekeche. Akachekecha. Kilichobaki juu akakitia kwenye ungo, akapepeta kwa ule ufundi wake, akarudisha chenga za mahindi, na vile vyeupe vizito akavimwaga nje ya uzio. Kuku wakapata chakula laini, kisicho na kijiwe hata kimoja. Akasimama kuwatazama wanavyokula, roho yake imetulia.

Mwanzoni mayai yalikuwa mazuri, wauza chipsi wakawa wanayagombania. Halafu mambo yakaanza kuharibika. Maganda yakawa membamba. Mengine yanapasuka kwenye viota kabla hujayagusa, mengine hayana ganda kabisa, ni ngozi tu, ukiyashika yanabonyea. Wauza chipsi wakarudisha trei. Kuku nao wakaonja yaliyopasuka wakanogewa, wakawa wanadonoa hata mazima. Mtetea mmoja akaanza kuchechemea.

Emilia akafanya nini? Akafanya alichokijua. Akaanza kuchekecha mara mbili.

Lameck naye akaenda dukani kwa Mwanahawa, na mbele ya wateja akamwita mwizi anayewapunja watu chokaa ya kujenga ganda. Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Haya," akaendelea kupima pumba. Emilia aliposimuliwa alifurahi. Si alisema tangu mwanzo kwamba chakula kina mchanga! Lakini furaha haikukaa, kwa sababu mwanawe alikuwa hajamaliza.

"Jumamosi anakuja mnunuzi wa kuku wa nyama, mama. Umejitahidi. Sasa pumzika."

Usiku ule Emilia hakula.

Jumamosi asubuhi Mwanahawa alipita nyuma ya uzio akiwafuata kuku wake wa kienyeji, ambao siku hizo walikuwa hawakai nyumbani. Aliwakuta wamejazana kwenye kilima cha vitu vyeupe, wanadonoa. Akainama, akachota kiganja, akaita.

"Mama Lameck, shikamoo. Nani kamwaga magamba yangu huku?"

"Marahaba. Magamba gani? Huo mchanga wako naupepeta mimi, kila siku."

Mwanahawa alitazama kile kilima, akamtazama Emilia, akaelewa. Akasema taratibu, bila kucheka. "Haya ni magamba ya konokono wa pwani, nayaponda kwa makusudi yawe makubwa makubwa. Yai linavikwa ganda usiku, dada yangu, wakati kuku kalala na hali kitu. Ile chokaa ya unga inapita upesi. Haya yanabaki kwenye firigisi, yanayeyuka polepole mpaka kunakucha. Asipoyapata, anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Wangu jioni nawawekea hata chombo cha pembeni, kila mmoja ale kiasi anachotaka."

Aibu ilimpanda Emilia mpaka masikioni. Miaka yote ile watu walimsifia mikono, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inayanyima mayai maganda.

"Usiyatoe tena," Mwanahawa akasema. "Mimi sitamwambia mtu."

Ingewezekana kabisa yakaishia hapo. Lakini pikipiki ya mnunuzi ilikuwa imeshafika getini na matenga yake, na Lameck alikuwa anakuja bandani. Emilia hakumngoja aulize.

"Lameck, huyu mama hakutupunja kitu. Chokaa ya kuku nilikuwa naimwaga mimi, nikidhani mchanga. Ulimwita mwizi bure."

Lameck akamshika mama yake bega. "Unaona sasa? Ndicho ninachokuambia kila siku. Umechoka, mama. Pumzika."

"Sikukosea kwa kuchoka, nimekosea kwa kutojua! Ukinikalisha, mwanangu, nitakufa nimekaa."

Lameck akatikisa kichwa, akainua mkono kumwita mnunuzi.

"Wewe kijana," Mwanahawa akasema, "hebu shusha huo mkono. Ulipokuja kunitukana dukani, ulikosea au hukukosea?"

"Nilikosea."

"Kesho yake ulikwenda kazini?"

"Nilikwenda."

"Hakuna aliyekuambia kwa kuwa umekosea, basi kazi imekushinda, kaa nyumbani?"

Lameck akashusha mkono. Tangu siku ile ya matusi alikuwa akipita mbele ya duka bila kugeuza shingo wala kumwamkia mwenye duka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mwanahawa alimwacha asubiri, akamtazama Emilia, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti.

"Marahaba," akaitikia. "Sasa nenda ukamwambie huyo bwana arudi zake na matenga yake matupu."

Lameck akaenda getini.