Unyayo wa Mama

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo sijaisahau. Ilikuwa Palma, mji wetu wa pwani, enzi zile gesi ndiyo kwanza imeonekana chini ya bahari, mji umejaa wageni na kila kijana anatafuta kazi kwa wageni hao.

Mimi kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa msichana wa maabara, nimetoka kusoma Pemba, ule mji mkuu wa mkoa wetu, si kisiwa, nikimsaidia daktari mmoja mwanamke tuliyemwita Dotora. Alichunguza saratani ya ngozi, ile inayotushika sisi watu weusi kwenye unyayo, mahali ambapo mtu hajitazami. Alitaka kujua kama kwenye damu kuna protini zinazoweza kutuambia mapema doa la nani litatulia na la nani litasambaa mwilini. Tulizunguka vijijini, tukafika hata kisiwa cha Rongui. Nawaambia watu wavue viatu, natazama, natoa damu, naandika. Nilijiona nimefika, basi tena! Koti langu jeupe nilikwenda nalo hata sokoni.

Siku hiyo Dotora alisema tunahitaji pia damu ya watu wasio na ugonjwa, tulinganishe.

"Nitamleta mama yangu," nikasema. "Huyo haumwi."

Mama alikuja na kanga mpya, anafurahi kupaona kazini kwangu. Nikamtoa damu, nikaandika kwenye kichupa: hana ugonjwa.

"Mama, naomba uvue viatu," Dotora akamwambia.

Nikacheka. Mama hakucheka. Alivua taratibu, na kisigino kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kilipofunguliwa, niliona doa jeusi pana kama kiganja cha mtoto, katikati limepasuka, linatoa maji. Nikainama, nikaushika mguu wake.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Si nilikwambia? Ukasema ni mwiba, niweke maji ya chumvi."

Kweli aliniambia. Nilikuwa mlangoni, nawahi gari. Sikuinama kutazama.

Nikamshika Dotora mkono. "Soma damu yake! Niambie kama limesambaa!"

"Hatujui bado kuisoma," alinijibu kwa upole. "Ndiyo maana tunatafuta."

Jibu hilo nililijua. Mimi mwenyewe niliwapa watu jibu hilo kila siku, wala sikujua lina uzito gani. Nikachukua kichupa, nikayafuta niliyoandika.

Hospitalini Pemba walimkata mguu chini ya goti, lakini ugonjwa ulikuwa umetangulia, umeshafika kwenye mapafu. Tulikaa naye misimu miwili ya mvua. Hakunilaumu, na hilo lilinishtua kuliko kidonda. Mara moja tu, nikimkanda mgongo, alisema, "Uliwatazama watu vizuri, binti yangu. Mimi nilikuwa karibu mno."

Alipofariki, damu yake ilibaki kwenye barafu pamoja na za wenzake, na utafiti ukaendelea.

Basi nakusihi, mwanangu: elimu yako ianzie nyumbani. Mtu wako akisema hapa panauma, weka chini ulichoshika, umtazame. Usiseme haumwi kwa kuwa tu hujamuuliza. Na doa jeusi linalokua unyayoni usilifunge kitambaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana wanaotafuta hawajamaliza kutafuta, na ugonjwa hauwangojei.

Mungu akutunzie wazee wako, akujaalie kuwahudumia wangali wanakuita kwa jina. Amin.