Pikipiki ya Bwana Mateke na Baridi ya Bomet

Tuliondoka Kericho kwenda Mulot kununua maksai wa kukokota kuni za kiwandani, na Mulot hatukufika. Huko nyumbani Soin mmeisikia safari hii ikisimuliwa kwa namna nyingi, na katika masimulizi mengine mimi ndiye niliyevunjika mguu. Basi acheni niieleze mwenyewe.

Nilikuwa karani katika shamba moja, miaka ile michai ikiwa bado michanga na barabara bado tope. Msaidizi wa meneja alikuwa Mwingereza kijana ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mateke. Hakuwa akipiga watu. Jina lilitokana na pikipiki yake, ambayo kila asubuhi ya baridi aliipiga teke la kuiwasha mara thelathini, arobaini, huku wachuma chai wakipita na vikapu vyao wakihesabu kwa sauti ya chini. Nilichaguliwa kwenda naye kwa sababu nilikulia mpakani na Wakipsigis na lugha yao naijua.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umefunika shamba lote. Bwana alivaa koti la ngozi, glavu na miwani mikubwa. Mimi niliingia kwenye kigari cha pembeni, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimelowa, alinitupia kitabu cha maelezo ya pikipiki, kikiwa bado ndani ya karatasi ya dukani, nikikalie. Kisha akaanza kupiga. Alipiga mpaka miwani ikaingia ukungu wake yenyewe. Niliponyoosha mkono kumshikia usukani, aliuondoa.

"Wewe hapana gusa," alisema. "Hii mashini, si ng'ombe."

Mwishowe wanaume wanane walitusukuma kwenye mteremko, injini ikakohoa, ikashika. Bwana aliwapungia mkono kama mtu aliyeshinda mbio.

Njiani kuelekea Litein sikuwa na kazi ila kukaa, basi nikakitoa kile kitabu nikakisoma. Kiingereza cha misheni kilinitosha. Kilisema kwamba siku ya baridi mtu asikimbilie teke. Aifungue plagi inayotoa cheche, aipashe moto, kisha akirudishe nyuma kijiti cha kwenye usukani kinachoamua cheche itoke lini; cheche ikiwahi mno, injini hurudi kinyume na kumpiga anayeipiga. Nilikitazama kijiti cha Bwana. Kilikuwa mbele kabisa, na ndivyo kilivyokuwa hata asubuhi wakati anapiga.

Mchana tulifika Sotik. Bwana hakuizima. Alisema injini hupenda kupumua, lakini mimi nilijua anaogopa kuiwasha tena. Tulikula mkate tumesimama kando ya ngurumo ile, tukizungumza kwa kelele kama watu waliogombana.

Jioni, karibu na Bomet, mvua ilituzimia pikipiki mbele ya boma la mjane mmoja mzee. Nilimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Alitupa maziwa lala na ugali wa wimbi, akampa Bwana nafasi karibu na moto. Bwana alikataa kulala nyumba yenye mbuzi, akapiga hema uwanjani. Kogo aliponiuliza yule mnyama wa chuma wa Bwana atalala wapi, nikasema nje. Akauliza kama mwenye mnyama anamchukia.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Bwana alianza kupiga, na Kogo akatoa kigoda chake, akajifunika ngozi, akakaa kutazama. Majirani nao walikuja. Teke la ishirini lilipopita bila jibu, nikajikaza.

"Bwana, kitabu kinasema kile kijiti kirudi nyuma kwanza."

"Kitabu mimi napa wewe kwa kukalia," alijibu bila kunitazama. "Kaa."

Nikakaa. Akapanda juu ya kile chuma cha kuwashia kwa uzito wake wote. Injini ilishtuka, ikarudi kinyume, na Bwana akarushwa hadi kwenye tope. Sitawadanganya: furaha ilinipitia. Ilidumu mpaka nilipouona unyayo wake umeelekea upande ambao unyayo hauelekei.

Hakuna gari lililokuwa likipita njia ile, na mguu ulikuwa unavimba tukiutazama. Kama ningeigusa mashine nikaiharibu, angenichafulia jina nisipate kazi shamba lolote la Kericho. Kama nisingeigusa, huenda mguu ungeoza. Nilimweleza Kogo mambo yalivyo.

"Mashine ni yake, na mguu ni wake," alisema. "Muulize anataka kipi."

Nilimuuliza. Aliwatazama watu wote wale, mmoja mmoja.

"Washa," alisema.

Nilifungua plagi, nikaipasha kwenye makaa ya Kogo, nikairudisha ikiwa moto bado, nikavuta kijiti nyuma. Teke la kwanza halikuleta kitu. La pili liliwasha. Kogo aliuliza kwa nini jambo hilo halikufanywa jana jioni. Nikasema Bwana hakujua.

"Na wewe?"

Nilikuwa nimejua tangu Litein, nikanyamaza kwa sababu kumtazama kulinipendeza.

Kuiendesha nilijifunza ndani ya shamba la mahindi la watu, kisha barabarani, Bwana akiwa amelala kwenye kigari akilia kwa kila jiwe. Alasiri tulikaribia hospitali ya misheni. Kabla ya kona ya mwisho aliniamuru nisimame nizime. Nikambeba nikamkalisha kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, nami nikaisukuma kwa mikono, mlima mzima, mpaka mlangoni. Nesi mzungu alishangaa amewezaje kuendesha na mguu ule. Bwana alisema haikuwa rahisi.

Maksai walinunuliwa na mtu mwingine, aliyekwenda kwa miguu.

Katika safari ile nilijifunza kwamba injini iliyopoa haiogopi bwana wala hadhi yake. Inataka joto, subira na mguu usio na hasira. Nilijifunza pia kwamba kunyamaza kwangu, pamoja na ujinga wa Bwana, kulivunja ule mguu, ingawa mimi nilitembea mzima. Nilipoacha kazi baadaye kwenda kuendesha lori, Bwana Mateke, akichechemea, aliniandikia barua ya sifa. Ninayo mpaka leo. Inasema mimi ni karani mwaminifu na mtulivu, ila nisikabidhiwe mashine yoyote.