Mama Mzazi wa Mwandishi

Jumamosi, kwenye kaunta ya maktaba ya mtaa wa Lozells, huku Uingereza, mbele yangu alisimama mama wa Kikongo na binti yake. Jumatatu binti angeeleza darasani maisha ya mwandishi mmoja maarufu Mwingereza.

"Mama yake mwandishi huyo aliitwa nani?" mama akamuuliza karani.

"Chukua tu kitabu hiki cha maisha yake, kinatosha," karani akajibu.

"Kwetu mtu anaelezwa kuanzia kwa aliyemzaa. Sitoki hapa bila jina."

"Mum, it's fine," binti akanong'ona kwa Kiingereza, kwamba basi yatosha.

Mama akaegemeza kiwiko, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Mimi foleni hunipandisha hasira, lakini nilijikuta nikichungulia juu ya bega lake. Jina alilipata chini kabisa ya ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

"Andika hili kwanza," akamwambia binti.

Kurasa mia nne za mtu, mama yake kapewa mstari mmoja. Sijui aliyekiandika kitabu hicho naye alizaliwa na nani.