Mayai ya Mtetea wa Mama

Mto Nyamwamba ulipoingia mpaka jikoni mwa mama yangu kule Kilembe, vyombo vilikwenda na maji, na kuku wake pia, isipokuwa mtetea mmoja mweusi aliyekuwa amepanda juu ya kabati. Huyo ndiye aliyekuja naye kwangu Bwera, ndani ya kapu, amemfunika kwa leso yake nzuri ya kanisani. Hakukubali mtu mwingine ambebe. Nilimpokea mama kwa moyo mweupe, lakini mdomo wangu haujui kukaa kimya, nikamwambia palepale mbele ya mume wangu kwamba ua wetu ni mdogo, na kuku asiyetaga kwangu anaingia chunguni. Mama akacheka.

"Huyu atataga mpaka mtachoka," akasema kwa Kiswahili chake cha mgodini, kile walichokizungumza katika nyumba za wafanyakazi siku baba alipofanya kazi huko. Na kweli mtetea akataga. Mayai yalikuwa madogo, yenye rangi ya chai ya maziwa, na mume wangu aliyala asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mama hakuyagusa. Wanawake wa rika lake, huku kwetu milimani, walikatazwa yai na nyama ya kuku tangu utotoni. Waliambiwa kwamba mwanamke akila yai atazaa watoto wasioota nywele, na zaidi ya hayo waliambiwa ni aibu, na aibu ndiyo iliyowashika. Sisi mabinti zao tunakula. Pale sokoni Mpondwe, mpakani, ninapouza vitenge, mimi hununua chapati iliyoviringishwa na mayai na kuila nikiwa nimesimama, mdomo ukimeta mafuta. Lakini mbele ya mama sikuwahi kutia yai mdomoni. Nilipokuwa mdogo alinikuta nikiramba kikaango cha baba, akanichapa vidole kwa mwiko, halafu akalia yeye.

Basi siku moja nikarudi kutoka sokoni, nikakuta kiota kitupu. Kesho yake vilevile. Wiki ikapita, nikamuuliza mama, maana kuhusu kuku yeye ndiye daktari wa ukoo mzima.

"Amechoka," akasema. "Kuku ni kama mtu."

Nikangoja apumzike. Hakutaga. Mama akasema ni honi za malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani, zinamshtua. Nikamwomba mume wangu ahamishe banda mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakutaga. Mama akasema ni chakula, pumba tupu haijengi yai. Nikaleta vumbi la dagaa kutoka sokoni, likanuka mpaka kitandani. Mtetea akanenepa, akang'aa, akatembea uani kama mke wa mkubwa, na kiota kikabaki kitupu. Nikanyunyiza majivu bandani kuua viroboto. Nikapekua chini ya mibuni na nyuma ya mapipa, nikidhani anaficha mayai. Mama alikuwa akinifuata na fimbo yake, akinionyesha pa kutafuta. "Tazama pale pia," ananiambia, nami nainama.

Asubuhi moja malaria ilinilaza nyumbani. Nikiwa kitandani nilianza kusikia kuku akitetea, na papo hapo sauti ikamezwa na kishindo cha mchi. Nikajikokota mpaka mlangoni. Mama alikuwa anatwanga kwa nguvu zake zote, na ndani ya kinu hamkuwa na kitu. Nikamwuliza anatwanga nini. Akasema ananyoosha mabega. Pembeni yake, jikoni, kisufuria chake cha maji ya goti kilikuwa kinachemka. Kila asubuhi alichemsha maji hayo ya kukanda goti lake bovu, na hakutaka nimsaidie. Nilirudi kulala nikihuzunika kwamba uzee umeanza kumchezea akili.

Chumba cha nyuma nilikuwa nimempangisha mwanamke wa Kikongo aliyekimbia vita upande wa Beni. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari, mwuza mawese, mtu wa maneno machache. Siku moja alinikuta nimemshika mtetea kichwa chini miguu juu, nikimkagua.

"Dada, ile kuku iko nataga," akasema. "Angalia kilemba yake ya kichwa, iko nyekundu pyu. Kuku yenye haitage, kilemba inapauka."

"Na mayai yanakwenda wapi?"

Akatazama upande wa jikoni, halafu akatazama ndoo yake ya mawese. "Mi siyue, dada. Mi niko mugeni."

Angesema zaidi, labda ningesikia. Lakini mimi ni mtu wa kuwaka haraka. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, nikaanza kumwangalia mgeni wangu kwa jicho la pembeni. Mimi niko sokoni, mume wangu yuko kazini, nani anabaki nyumbani? Mama na huyu. Na mama hali mayai. Hesabu ilikuwa rahisi, na kila mtu wa kwetu angeihesabu hivyohivyo. Nikaacha kumwitikia vizuri akinisalimia. Aliona. Akawa anapita ukutani akienda msalani, kama mtu asiyelipia hewa anayovuta.

Kisha shemeji zangu wawili wakatuma habari kwamba wanakuja kutoka Kasese kututembelea. Mume wangu akasema mgeni wa heshima hapewi maharage, na yule kuku wa mama si hatagi? Nikaenda kumwomba mama ruhusa, kwa kuwa kuku alikuwa wake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Akaendelea kuchambua jani mojamoja bila kuinua uso. Nilidhani anamlilia kuku wa Kilembe, kiumbe pekee kilichotoka naye kwenye yale maji, nikaanza kusema tunaweza kununua mwingine.

"Chinjeni," akanikatiza. "Kuku isiyotaga, ya nini?"

Mpaka leo nashangaa aliwezaje kulitoa neno hilo. Wakati wa kuchinja hakuondoka. Alikaa palepale anachambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa.

Shemeji walikuwa sebuleni na mume wangu, wanaongea kwa sauti, wanangoja firigisi yao. Mimi nikampasua kuku jikoni. Nilipotia mkono, nikagusa kitu kigumu, nikakitoa: yai zima, lenye gamba lake, lingali na joto. Nyuma yake viini vimepangana, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, mpaka vya ukubwa wa punje ya mtama. Mayai ya wiki nzima na nyingine mbele yake.

Damu ikanipanda kichwani. Nikatoka na lile yai mkononi, nikapita uani moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha nyuma, nikaupiga kofi. "Toka, mwizi! Nimekupa mahali pa kulala, unanilia mayai na kunitazama usoni!" Yule mwanamke akafungua, rozari mkononi, akaona yai, akaona uso wangu. Alianza kukusanya nguo zake zilizokuwa juu ya kamba. Ninachokikumbuka sana ni hicho, jinsi alivyozikunja upesi, kama mtu aliyezoea kuondoka.

"Mwache mtoto wa watu!"

Alikuwa mama, amesimama katikati ya ua bila fimbo yake. Shemeji zangu na mume wangu walikuwa wametoka mlangoni.

"Ni mimi," mama akasema. "Mayai nimekula mimi."

Shemeji mmoja akacheka, akidhani bibi anafanya mzaha. Mama akamgeukia. "Nimekula," akarudia, kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia. "Wakati ule wa mafuriko walitupatia chakula kwenye shule, wakagawa mayai ya kuchemsha. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa sijui kama iko vile." Kisha akaingia chumbani kwake, anachechemea, akafunga mlango.

Kisufuria cha maji ya goti nilikikuta kwenye mafiga, na ndani ya majivu chini yake magamba yaliyopondwapondwa. Kuanzia siku ile hakuchemsha tena maji. Nikimwuliza goti, anasema limepona.

Mpangaji wangu nilimwomba msamaha, akasema yameisha, na mwisho wa mwezi akahama. Hasira hasara, tunasema, na tunasema kila mara baada ya hasara. Shemeji walikula kuku wao. Mama angeweza kunyamaza na siri yake ikabaki siri. Alikwisha kukubali kumpoteza mtetea ili isijulikane. Mimi ndiye niliyemfanya aitoe uani, mbele ya wanaume, ili mwanamke asiye na kosa asifukuzwe. Najuta zaidi kwa zile asubuhi zote. Laiti ningerudi mapema siku moja tu, nikamkuta, nikakaa naye.

Nililijaribu hilo, kwa kuchelewa. Nilinunua mayai, nikayachemsha, nikaingia chumbani kwake na sahani na chumvi, nikafunga mlango. Akaitazama sahani, akageuza uso.

"Mpelekee bwana yako. Sisi wanawake hatukuli hiyo."

"Mama, hakuna mtu hapa."

"Peleka."

Sikupeleka. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, nikamenya yai moja, nikalichovya kwenye chumvi, nikalila mbele yake. Aligeuka akanitazama mpaka nilipomeza.

"Iko tamu?" akauliza.

"Tamu, mama."

"Najua," akasema. Akavuta shuka, akalala akielekea ukutani, na yai lake nikalirudisha jikoni.