Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Binti yangu alikuwa darasa la kwanza alipoanza kunikasirikia kwa sababu kila alichoomba jibu lilikuwa "subiri". Aliomba begi, subiri. Aliomba maandazi ya dukani, subiri. Siku moja akaniambia kwamba mimi ni mchoyo. Nikaona heri nimweleze habari za hela kama zilivyo, mapema, kabla mtu mwingine hajamweleza vibaya.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chetu pale Kanoni, ambako mibuni imesimama katikati ya migomba. Sisi hatuna mshahara, nilimwambia, mshahara wetu ndio huu. Mibuni iliyo karibu na jiko ni sabuni, chumvi na mafuta ya kula. Ile ya kwenye mteremko ni hospitali, kwa maana mdogo wake ana kifua kinachotupeleka Nyakahanga kila baridi ikizidi. Na ile inayopakana na jirani ni shule.

"Hata viatu?"

"Hata viatu. Ikiiva tunachuma, tunaanika, tunauza, ndipo tunanunua."

Alielewa kuliko nilivyotarajia. Toka siku hiyo akirudi shuleni anapita kwanza kuiangalia ile ya mpakani, kisha anakuja kuniambia imeanza kuwa myekundu au bado.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa naosha vyombo, akaja mbio.

"Mama, kuna watu wanaiba kahawa!"

Nilikuta vijana nisiowajua wametandaza maturubai chini ya mibuni yangu. Walikuwa wanakwangua tawi zima kwa mkono, mbivu na mbichi pamoja, majani yanadondoka. Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiwasimamia akaja, ametulia kabisa.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. "Unachuma kahawa ya nani?"

"Yangu, mama. Mzee aliniuzia butura."

Huku kwetu butura ni kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida, halafu aliyenunua anakuja kuichuma ikiiva. Mtu hufanya hivyo akiwa na msiba, au mgonjwa amelazwa. Sisi hatukuwa na msiba.

"Ipi? Ya mpakani?"

"Yote, mama. Nilimlipa taslimu wakati wa maua. Tusigombane, hatudaiani."

Wakati wa maua. Nikakumbuka. Wakati wa maua mdogo wake mume wangu alioa. Mshereheshaji alisoma michango ya ndugu kwa kipaza sauti, na wa mume wangu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Ukumbi ulipiga makofi. Nyumbani alikuwa ameniambia ni faida ya mahindi aliyopeleka Murongo mpakani, nami nikamwamini, nikasimama mbele za watu nikapiga vigelegele. Nilishangilia kahawa yangu ikiliwa!

Lakini hilo silo lililonichoma zaidi. Baada ya harusi ile nilipalilia kibanja chote, nikaondoa machipukizi, nikatandaza nyasi, mtoto mgongoni. Naye akipita ananiambia, "Pole na kazi, mama watoto." Alikuwa ananiangalia nikihudumia kahawa ya mtu mwingine, na ananipa pole.

Binti yangu alikuwa bado amesimama pale, anataka kujua kwa nini siwafukuzi. Nikamkalisha mlangoni pa jiko, nikamweleza butura.

"Kwa nini baba aliuza maua?"

"Alitaka hela haraka."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ilikuwa ni kwa harusi ya baba mdogo."

Akafikiri. "Basi twende tumwambie baba mdogo aturudishie."

Lilikuwa jambo la maana kabisa, ila hakuna mtu mzima anayeweza kulifanya.

Jioni mume wangu aliporudi, mtoto alimwamkia, kisha akamuuliza papo hapo, "Baba, hela ya maua iko wapi?"

Yeye hakumtazama, alinitazama mimi. "Unamfundisha mtoto kunidai?"

"Namfundisha hela ya nyumba inakotoka na inakokwenda. Mjibu."

"Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Kifua kinachobana ni cha mtoto. Mjibu."

"Kibanja ni cha baba yangu," akasema.

"Basi mwamshe aje apalilie."

Baba mkwe amezikwa humo humo, nyuma ya migomba. Najua nilichosema. Mume wangu alinyanyua mkono, binti yangu akalia, mkono ukashuka. Akatoka, na usiku ule hakula nyumbani.

Msimu ule niliuza mbuzi niliyepewa na mama yangu, tukampeleka mdogo wake hospitali kwa bodaboda. Viatu vya binti yangu nilivikata mbele kwa kisu ili vidole vipate nafasi. Na mwishowe nilifanya alichosema yeye. Nilimshika mkono tukaenda kwa shemeji, nikamweleza harusi yake ililipwa na nini. "Shemeji, mchango haurudishwi," akasema, na kesho yake mama mkwe akaniita.

Walikaa watu wazima wa ukoo, wakanisema kwa kumdhalilisha mume wangu. Hakuna aliyemuuliza yeye lolote. Niliwasikiliza hadi mwisho, kisha nikawaambia kwamba mimi jembe nimeliweka chini, na kama kahawa itauzwa tena ikiwa maua, mnunuzi aje na wapaliliaji wake. Wakacheka. Majani yalipoota hadi magotini waliacha kucheka, na mume wangu akaja mwenyewe kuniomba nirudi shambani. Nilimwambia sirudi mpaka aniahidi mbele ya mama yake kwamba hatauza tena butura. Aliahidi, kwa sauti ndogo, huku akitazama ukuta.

Mwaka uliofuata kahawa ilichumwa na sisi, ikaanikwa uani kwetu. Siku ya kuuza tulikwenda watatu. Binti yangu aliuliza mbele ya mizani hela hii ni ya nini na ile ya nini, na baba yake akalazimika kumjibu, moja baada ya nyingine, watu wakisikia. Tulipofika nyumbani mume wangu alinikabidhi hela zote, akabaki amesimama, anangoja nimwambie asante.

Nilizifunga kwenye pindo la kanga, nikakaa chini nikaendelea kumenya ndizi.