Mlinzi wa Lango Aliyewajua Watu kwa Mwendo

Miaka ilipita polepole katika kiwanda cha unga, na mama mlinzi wa lango akazeeka pamoja nayo. Wafanyakazi hutoka humo weupe kwa unga, vitambaa vimewafunika nyuso, hata hawatambulikani.

Meneja mpya aliposikia kwamba macho ya mama huyo yameingia ukungu, alimnyang'anya funguo za lango, akawapanga uani wafanyakazi wanne waliojaa unga.

"Mama, ukishindwa kumtambua hata mmoja, kazi basi."

Walisimama kimya. Mama akatazama, asione ila magunia manne.

"Waambie watembee, mwanangu."

Wakatembea. Mwenyezi Mungu ameliumba jicho hivyo, kwamba hata likififia hukitambua chenye uhai kwa mwendo wake. Akawataja watatu papo hapo. Wa nne alikuja akichechemea.

"Shemeji, acha utani! Mguu umeuazima, lakini mabega hayo ya kujidai ni kama ya kaka yako, yule mume wangu!"

Ua wote ukaangua kicheko, na meneja akamrudishia funguo kwa mikono miwili.

Mola amzidishie umri na afya, ambariki mumewe, na shemejiye mtundu, na kizazi chao chote.