Kinga ya Wenzako Wote

Harufu ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaokauka juani hapa Liuli ndiyo hunirudisha kwenye likizo ile dada Tekla, mtoto wa mama mkubwa aliyekuwa akisoma chuo, alipokuja na mchezo wake wa dadu. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru kwenye chanja za samaki. Yeye akatugeuza mabaharia. Kila mmoja alijitungia mtu wake, tukasafiri kwa maneno matupu, na dadu ikaamua nani apone. Uchawi wote wa mchezo aliuandika mwenyewe kwenye daftari. Mtu wako akifa, umetoka mchezoni hadi likizo iishe.

Katikati ya safari, mtu wa jirani yetu Skola alituibia chakula akahamia kwa maharamia. Nilimchukia Skola kwelikweli, kana kwamba ule ugali alikuwa ameusonga mama yangu. Siku ya tufani, mtu wake alikuwa amewatoroka maharamia, ameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi wetu. Uchawi wa kinga nilikuwa nao mimi, na daftari lilisema: "Huwafunika wenzako wote walio karibu." Nikasema msaliti si mwenzangu. "Kwani mimi siko karibu?" Skola akauliza.

Dada Tekla alisoma mstari ule mara mbili, polepole, kama somo la kanisani. Nikamsihi, "Dada, daftari si lako? Ongeza tu 'isipokuwa wasaliti.'"

"Jana ningeongeza," akasema. "Neno linaloongezwa mtu akiwa majini ni la kumzamisha. Haya, soma tena, ila soma kama wewe ndiye uliyeko majini."

Nikasoma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Skola akapona, nami nikaona haya hadi jioni. Nilimpenda dada Tekla siku ile kuliko siku zote: kalamu ilikuwa yake, daftari lake, na bado alikataa kunipendelea.

Wanangu sasa hucheza kwenye simu, inayoamua papo hapo na haisihiki. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wanawake wanaokausha usipa. Juzi mwenzetu mmoja aliyetutukana hadharani alifiwa na mumewe. Wengine wakataka niongeze neno kwenye kifungu cha katiba yetu cha kusaidiana msibani, kabla hatujaondoka kwenda kwa mfiwa. Skola, mwenyekiti wetu, akanitazama. Nikaifunika kalamu, nikajitwika kuni, tukaenda.